Miguu Imerudi, Timazi Haijarudi

Baba hakuanguka asubuhi. Nalitanguliza hili kwa sababu kila aliyekuja kumpa pole aliuliza swali lilelile: "Kwani alikuwa hajameza dawa?" Alikuwa amemeza. Ilikuwa baada ya alasiri, dawa imeshika sawasawa, ametoka barazani kwa miguu yake mwenyewe, bakora ameiacha imeegemea ukutani kwa kuwa hakuona haja nayo. Siku hiyo alikuwa anatembea vizuri kuliko siku yoyote ya wiki ile. Mjukuu wake akamwita kutoka nyuma, "Babu!", naye akageuka. Hakujikwaa wala hakuteleza. Kiwiliwili kiligeuka, miguu ikabaki ilipokuwa, akaenda chini kwa ubavu na bega likagonga nguzo ya baraza.

Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi. Bega lilivimba, likawa jeusi, na kwa wiki tatu akawa analalia upande mmoja tu. Na mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia yule mtoto mchana wake, "Mwache babu yako leo, yuko vizuri."

Huu ni mwaka wa sita tangu tuambiwe kwamba ni ugonjwa wa Parkinson. Muda wote huo niliishi na hesabu moja kichwani: dawa ikishika mzee yuko salama, dawa ikikatika tukae naye karibu. Nimekutana na familia nyingine hapa Tanga na kule Muheza, nao wanahesabu hivyohivyo. Hesabu hiyo ina kosa ndani yake, na kosa lenyewe ndilo linalovunja wazee nyonga. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Lakini kwanza nieleze asubuhi, maana asiyeiona asubuhi hawezi kuelewa kwa nini tuliiamini dawa kiasi hicho.

Dozi ya kwanza ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukimwona Baba muda huo, kidonge hakijaanza kazi, utadhani ni mtu mwingine. Anaketi ukingoni mwa kitanda, mikono iko mapajani, uso umetulia kama picha ya paspoti. Unamwambia, "Inuka, Baba." Anasikia, anataka kuinuka, ila mwili haumjibu. Akishasimama, magoti yamekunjika, mgongo umeinama, mikono imebana ubavuni. Nyayo haziinuki. Zinaburura kwenye simenti kwa sauti ya msasa unaopita juu ya ubao. Akifika kwenye kizingiti cha chumba miguu inanata kabisa: visigino vinainuka, magoti yanatetemeka, kifua kinatangulia mbele, nyayo zimebaki pale kama zimepigiliwa misumari. Sisi nyumbani tunaita "kunata". Madaktari wanasema kuganda. Mtu aliyenata hivyo ukimvuta mkono, unamwangusha kifudifudi.

Inapita nusu saa, siku nyingine dakika 45. Halafu unaona mabega yameshuka, uso umefunguka, anauliza chai iko wapi. Ananyanyuka, anaiendea mwenyewe.

Aliyetaka tupime ni yeye. Baba amekuwa fundi seremala kwa zaidi ya miaka 40, milango na fremu za nyumba nyingi za Ngamiani zimepita mikononi mwake, na kitu kisichopimwa hakiamini. Akanituma futikamba. Nikapiga chaki mistari miwili sebuleni, mita 6 kati yake. Kabla ya dawa alitoka mstari hadi mstari kwa hatua 20. Saa moja baada ya dawa, hatua 12. Tulirudia siku nne mfululizo, majibu yakapishana kwa hatua moja au mbili tu. Yaani hatua ya sentimita 30 ilikuwa imekuwa ya sentimita 50. Kilichonishangaza ni kwamba nilipohesabu anapiga hatua ngapi kwa dakika, tofauti ilikuwa ndogo mno. Dawa haikumharakishia miguu, ilimrefushia hatua. Baadaye nikaja kusoma kwamba kwa wagonjwa wengi ndivyo inavyokuwa: kinachorudi ni urefu wa hatua, na pamoja nao kasi ya mwendo, kubembea kwa mikono, wepesi wa kuinuka kitini. Mpigo wa miguu wenyewe haubadiliki sana.

Sababu yake inaeleweka ukiambiwa taratibu. Kwenye shina la ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi, na seli zake ndizo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayowezesha mwili kujongea kwa ukubwa na wepesi unaotakiwa. Kwenye Parkinson seli hizo hufa polepole kwa miaka, na mtu anapoanza kuona mkono unatetemeka, sehemu kubwa imeshakwenda. Dopamini yenyewe ukimpa mtu haifiki, maana ubongo una ukuta wake na dopamini hairuhusiwi kupita. Levodopa, ndiyo dawa anayomeza Baba, inaruhusiwa. Inapita, na ikiwa ndani inageuzwa kuwa dopamini. Kabidopa, mwenzake aliyechanganywa kwenye kidonge hichohicho, kazi yake ni kuzuia levodopa isigeuzwe njiani kabla haijafika ubongoni. Kidonge cha Baba kina miligramu 250 za levodopa na 25 za kabidopa, na yeye hupewa nusunusu.

Mwaka 1957 Arvid Carlsson na wenzake huko Sweden waliwapa sungura dawa iliyowalegeza wakawa hawajongei, kisha wakawachoma levodopa, na sungura wakaamka. Kwa kazi yake juu ya dopamini Carlsson alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1961 kule Vienna, Walther Birkmayer na Oleh Hornykiewicz waliwadunga levodopa wagonjwa, na waliokuwa hawawezi kuketi wakaketi, waliokuwa hawawezi kusimama wakasimama. Miaka sita baadaye George Cotzias, Marekani, akaonyesha kwamba ukimpa mgonjwa kwa kinywa na kuipandisha dozi kidogokidogo, nafuu inakaa. Kila nikimwona Baba anakwenda kuchukua chai yake, nawakumbuka watu hawa.

Na kuna jambo ambalo Baba alicheka sana nilipomweleza. Levodopa imo kwenye mbegu za upupu. Upupu huuhuu uliotuwasha utotoni tukapakwa majivu. Watu wa kale wa India walizitumia mbegu zake kwa maradhi ya kutetemeka, na watafiti wa leo wameujaribu tena. Tafadhali, mtu asiende kuchuma. Kiasi kilichomo hutofautiana mbegu na mbegu, na mzee akizidishiwa atatapika, presha itashuka, au ataanza kuona watu ambao hawapo.

Sasa nirudi kwenye bega.

Baada ya kuanguka tulisafiri hadi kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu. Nilitegemea atapandisha dozi. Hakupandisha. Alifanya kipimo kimoja mara mbili: asubuhi tulipofika, dawa imekatika, na tena baada ya saa moja na nusu, Baba ameshameza na anatembea koridoni mikono ikibembea. Alisimama nyuma yake, akamwambia nitakuvuta mabega, ukiona unaenda rudisha mguu nyuma ujizuie. Akamvuta kidogo tu. Mara ya kwanza Baba alikwenda nyuma mzimamzima, kama ubao ulioegemezwa vibaya, hakurudisha hata mguu mmoja, daktari akamdaka. Mara ya pili, dawa imeshika, ikawa vilevile. Yule mtu aliyetoka kutembea kwa hatua ndefu alikwenda nyuma kama ubao, na daktari akamdaka tena.

Tulinyamaza wote. Baba ndiye aliyesema. "Miguu imerudi, mwanangu. Timazi ndiyo haijarudi."

Kwa asiyejua ufundi, timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma mwishoni unaokuonyesha kama fremu au ukuta umesimama wima. Sijasikia daktari aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko yeye.

Kutembea na kutoanguka ni kazi mbili. Kutembea kunahitaji hatua, na hatua inasikia levodopa. Kutoanguka kunahitaji kitu kingine: mwili uhisi mapema kwamba umepinda, upige hatua ya kujiokoa kabla akili haijajua, ugeuke bila miguu kuachwa. Kazi hii ya pili inategemea pia sehemu nyingine za ubongo na kemikali nyingine, hasa asetilikolini, ambazo Parkinson nazo inaziharibu kadiri miaka inavyokwenda. Levodopa haizijazi hizo. Unaweza kumpa mzee dopamini ya kutosha na bado ile hatua ya kujiokoa isije.

Mwaka 2015 watafiti wa Portland, Oregon, akiwamo Fay Horak ambaye amefanya kazi ya miaka mingi juu ya usawa wa mwili, walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 100 waliovalishwa vihisio vidogo mwilini na kupimwa bila dawa, kisha na dawa. Mwendo ulikuwa bora na dawa. Lakini wagonjwa waliposimama tu watulie, waliyumba zaidi wakiwa na dawa, na wale ambao dawa huwafanya miili icheze-cheze waliyumba zaidi ya wengine. Wakaiita levodopa upanga wa makali kuwili. Niliposoma hayo niliona nguzo ya baraza letu.

Maana fikiria: asubuhi Baba hawezi kwenda mbali. Anaogopa, anashika ukuta, anasubiri mtu, na kuganda kwake kwenyewe kunamweka kitini. Alasiri dawa inamrudishia kasi na inamrudishia moyo. Anaacha bakora. Anakumbuka dirisha la uani halijafungwa. Anabeba kikombe. Mwendo umepanda, kinga imebaki palepale ilipokuwa alfajiri. Saa yake nzuri ndiyo saa yenye hatari, na ndiyo saa ambayo sisi sote tunamwachia, kila mtu anakwenda kwenye shughuli zake kwa moyo mweupe.

Hapo nataka niwe mkweli: kuganda kunakokuja dawa ikikatika ni hatari pia, na huko dawa inasaidia sana. Kipande kikubwa cha kuanguka kwa wagonjwa huanzia hapo, na kupanga saa za dozi kunapunguza. Wapo pia wachache wanaoganda dawa ikiwa imeshika, na kwao kuongeza dozi kunaweza kuzidisha. Ndiyo maana kuongeza au kupunguza si kazi ya mtoto wa mgonjwa, hata awe amesoma kiasi gani.

Daktari aliuliza dawa nyingine zote. Nikatoa mfuko. Ndani yake kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe vya bensheksoli alivyoanzishiwa mwanzo kabisa, kabla ya levodopa, kwa kuwa ni rahisi na vinapatikana. Vinatuliza mtetemo, hilo ni kweli. Lakini kazi yake ni kuizuia asetilikolini, ileile ambayo akili na usawa wa mzee vinaiegemea. Kwa miezi tulikuwa tunamwona Baba anasahau, usiku anauliza nani amesimama mlangoni, nasi tukasema ni uzee. Daktari aliviondoa taratibu kwa muda wa wiki kadhaa. Maono ya usiku yaliondoka. Mkono ulirudi kutetemeka kidogo. Baba alisema mkono utetemeke unavyotaka, bora kichwa chake kiwe chake.

Kisha daktari akampima Baba presha amelala, na tena amesimama dakika tatu. Amelala: 138 kwa 82. Amesimama: 106 kwa 68. Tarakimu ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi mtu akisimama, hiyo ni presha ya kushuka, na kwenye Parkinson inatokana na ugonjwa wenyewe na inazidishwa na levodopa. Juu yake Baba alikuwa anameza vidonge viwili vya kushusha presha, kimojawapo cha kukojosha. Miaka yote hiyo tulipokuwa tunasikia "nimeona kiza" tulimpa maji akae. Kidonge cha kukojosha kikaondolewa. Tukaambiwa anywe maji ya kutosha tangu asubuhi, alale kichwa kimeinuliwa, na akitoka kitandani akae kwanza, achezeshe nyayo, ndipo asimame.

Kuna jambo linalonichoma zaidi ya hayo yote, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu linaweza kumpata mtu wiki hii.

Mwaka ule wa kwanza, Baba alipoanza levodopa, kichefuchefu kilimsumbua. Ni kawaida mwanzoni. Siku moja alitapika mara tatu, tukampeleka zahanati ya karibu. Wakamchoma sindano ya kuzuia kutapika na kumpa vidonge vyake vya siku tano. Kutapika kukaisha. Siku ya pili Baba akashindwa kujigeuza kitandani. Siku ya tatu akashindwa kumeza uji vizuri, mate yanatoka, maneno hayasikiki. Mama alikuwa ameshaanza kusoma Yasini. Ndugu wakapiga simu kutoka Pangani kwamba huyu ametupiwa kitu, aletwe. Ni binti wa jirani, muuguzi aliyekuwa likizo, aliyeshika boksi la dawa na kuuliza, "Nani amempa mgonjwa wa Parkinson metoklopramidi?" Dawa hiyo, ambayo watu wengi wanaijua kwa jina la Plasil, inazuia kutapika kwa kuifungia dopamini mlango. Tulikuwa tunamtia dopamini kwa mkono mmoja na kumfungia kwa mkono mwingine. Tuliiacha, na ndani ya siku chache akaanza kurudi.

Sina kinyongo na waliomchoma. Hawakuuliza anaumwa nini, nasi hatukusema. Tangu hapo ninacho kikaratasi kwenye pochi ya Baba, kimeandikwa: NINA PARKINSON. NISIPEWE METOKLOPRAMIDI (PLASIL), HALOPERIDOLI, WALA SINARIZINI. Haloperidoli ni dawa ya maradhi ya akili. Hiyo ya mwisho inauzwa madukani kwa ajili ya kizunguzungu. Mzee anayeyumba atasema ana kizunguzungu, atauziwa, na zikipita wiki za kuimeza miguu yake itakuwa mizito zaidi. Tena wapo wazee ambao hawana Parkinson kabisa, dawa hizi ndizo zilizowaletea dalili zake. Ukiwa na mtu wa namna hiyo nyumbani, mwaga dawa zote mezani mbele ya daktari, hata za kununua mwenyewe, hata za mitishamba.

Chakula nacho kina neno lake. Levodopa inapita kwenye utumbo na kuingia ubongoni kwa mlango uleule unaotumiwa na vipande vya protini. Baba akimeza kidonge pamoja na maharage au samaki, wanagombania mlango, na kidonge kinachelewa au kinashika nusu. Mama yangu, ambaye tangu aolewe anaamini mwanamume asile mkono mtupu, ilimchukua muda kukubali kwamba samaki ahamie usiku. Sasa utaratibu ni kidonge na maji, nusu saa au zaidi ipite, ndipo chakula. Mchana ni wali au ugali na mboga, samaki anasubiri jioni. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vinakaa mbali na levodopa kwa saa kadhaa, navyo vinaizuia isifyonzwe. Dozi zenyewe tumezifungamanisha na adhana kwa sababu saa ya ukutani anaisahau, adhana haisahau. Ila adhuhuri na alasiri hazikai sawa na mapengo aliyotaka daktari, kwa hiyo ipo dozi moja ya katikati ya asubuhi ambayo ninaipigia kengele kwenye simu. Levodopa haikai mwilini muda mrefu. Kiasi cha saa moja na nusu tu nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Miaka ya mwanzo ubongo bado una akiba na hausikii kupanda na kushuka. Miaka ikienda akiba inakwisha na mtu anaanza kuzisikia dakika.

Kuhusu Ramadhani, sheikh wetu alilimaliza kwa sentensi moja: huyu ni mgonjwa, tunamtolea fidia. Baba alilia siku ile. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Vidonge kuna wiki vinakosekana Tanga nzima, na huletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenye kibahasha. Naweka akiba ya mwezi mzima nikiweza. Kuacha levodopa ghafla si sawa na kuruka dawa ya kikohozi. Mwili unaweza kukakamaa na kupandisha homa kali ya kutisha maisha. Na yupo shangazi yangu aliyesihi tangu mwanzo kwamba Baba acheleweshwe kuanza, "dawa isimzoee mapema". Nilimwelewa, hata madaktari wamewahi kubishana juu ya hilo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia, ulitoa jibu. Wa Ghana walianza levodopa kwa wastani zaidi ya miaka 4 baada ya dalili, wa Italia miaka 2 na kidogo. Dawa kukatika-katika na mwili kucheza viliwaanza wote katika umri uleule wa ugonjwa. Waliochelewa hawakupata faida ya kuchelewa. Walipoteza tu miaka ya kutembea.

Na wengi hapa kwetu hawaifikii hata hiyo hatua ya kubishana. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwenye watu kama 161,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Nafikiria wazee hao kwenye vizingiti vya nyumba zao, miguu imenata, na watoto wao wanasema ni uzee, au ni jirani mbaya.

Tunachofanya sasa ni vitu vidogo. Saa ya dawa kushika tunamkaribia badala ya kumwachia. Ndara tumezitupa, anavaa viatu vya kufunga kisigino. Kanzu zote zimepandishwa pindo mpaka juu ya kifundo. Mkeka wa sebuleni umekunjwa, taa ya ukumbini haizimwi usiku. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo amemfundisha kugeuka kwa duara pana, kama lori linalozunguka uwanjani, hatua tano au sita, miguu ikitangulia. Amemfundisha pia asizungumze akitembea. Ubongo uliokuwa unatembea wenyewe sasa unahitaji kuangaliwa kila hatua, na ukiugawia kazi ya pili, ya kwanza inaanguka. Kwa hiyo ukimuuliza Baba jambo njiani anasimama kabisa, anakujibu, ndipo anaendelea. Mazoezi haya, kwa macho yangu, yamemfaa mwilini kuliko nyongeza yoyote ya kidonge, na nasikitika tuliyapata mwaka wa tano.

Lakini la msikitini tuligundua wenyewe. Baba hunata mlangoni mwa msikiti kila siku, watu wanapishana pembeni yake na yeye amesimama na kiatu kimoja mkononi. Akishavuka kizingiti na kufika kwenye zulia, anakwenda vizuri, hata siku ambayo dozi imechelewa. Nilidhani ni baraka ya mahali, na sikatai. Ila nikaangalia miguu. Zulia lina mistari ya safu, imekatiza mbele yake kila baada ya mita moja na ushei, na kati ya safu na safu kuna ufito mwembamba wa nakshi. Baba alikuwa anaikanyaga mmoja baada ya mwingine, macho chini. Mistari iliyokatiza njia inauonyesha ubongo pa kuweka mguu, na hatua inakuja kwa njia nyingine isiyopita kwenye seli zile zilizokufa. Nikarudi nyumbani nikachukua rangi nyeupe, na Baba akashika futikamba. Tulipiga mistari kutoka chumbani hadi chooni, sentimita 50 kati ya mstari na mstari, kipimo cha hatua yake nzuri. Alikagua kila mmoja. Miwili akaniambia nifute nipige upya, imepinda.

Kwenye kizingiti tulipiga mstari mmoja ng'ambo, akilenga huko anavuka.

Yule mjukuu, ambaye sasa ana miaka tisa, hajaambiwa na mtu kwamba kosa lilikuwa lake, wala halikuwa lake. Lakini nimemwona anavyofanya. Akimkuta babu yake amesimama barazani amempa mgongo, hamwiti. Anashuka ngazi, anazunguka kwa nje, anapita kwenye mchanga mpaka anatokea mbele yake anakoonekana, anasimama, ndipo anasema, "Shikamoo, Babu."

"Marahaba," anajibu Baba, bakora mkononi, miguu imesimama palepale.